Mbu wa Kanoni Waliokataa Kufa

Jumatatu, 4 Machi 2024

Daftari hili lilikuwa la Jiografia, kidato cha pili. Mwanzoni kuna ramani ya Bonde la Ufa niliyoichora kama utumbo wa mbuzi, halafu kurasa nyeupe mpaka mwisho, maana mwalimu wa Jiografia alihama shule na mimi nikaona nisibaki nyuma. Sasa kurasa zimepata kazi. Mtu mwenye kazi kama yangu lazima aandike mwenyewe, asije mwingine akasimulia akakosea.

Mimi, Leonidas, ni mkamata mbu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Kila alfajiri tunapita nyumba za kijiji chetu hapa Kanoni na tochi na mrija wa kufyonzea. Mbu amelala ukutani, tumbo limejaa damu ya mwenye nyumba, hana habari. Namfyonza taratibu, naye huyo kwenye kikombe cha karatasi, peke yake kama bwana mkubwa. Juu ya kikombe neti, juu ya neti pamba yenye chakula chake. Vikombe vinapangwa kwenye rafu katika chumba cha uani kwa Bibi Mukantabana, bibi yangu mzaa mama, ambaye amempangisha Dada Avelina.

Dada Avelina ametoka Bukoba, anasomea mambo ya wadudu mpaka huko juu kabisa. Swali lake ni hili: mbu aliyebeba vimelea vya malaria, je, yeye mwenyewe vinamdhuru? Sisi wote hapa tumeshatetemeka kwa malaria mpaka kitanda kikahama, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza mbu, "Na wewe mwenzetu hali yako?" Dada ndiye wa kwanza.

Tuko wasaidizi wawili. Mwingine ni Niyomugabo. Kamaliza kidato cha nne, hasemi, anatembea kama paka aliyetoka kuonja maziwa ya watu. Mvua hizi zikiisha Dada anahamia Bweranyange kwa utafiti mkubwa zaidi, na amesema wazi kwamba atachukua mmoja tu. Asiyechukuliwa atarudi kusukuma baiskeli ya ndizi kwenye mlima wa kwenda Kayanga.

Namwonea huruma sana Niyomugabo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Tumeloa. Mbu wachache, matope mengi.

Ijumaa, 8 Machi

Dada alituambia siku ya kwanza: kila kikombe namba tu. Sawa, namba nimeandika. Lakini namba haina ladha mdomoni. Unakaa na viumbe hawa kutwa nzima, unawalisha, unawachungulia kama wako hai, halafu unamwita "mia na nne"? Nimewapa majina.

Mbu anayeuma ni jike, kwa hiyo majina yote ni ya kina mama. Yule mwenye mlio mkali kuliko wote nimemwita Ma Costansia, jina la jirani yetu ambaye akiita mbuzi wake hapa Kanoni, mbuzi wa kijiji cha Ndama wanaitika. Sasa leo namwambia yule mbu, "Ma Costansia, tulia nikuwekee pamba," kumbe mwenye jina yuko mlangoni, amekuja kuazima chungio.

"We Leonidas! Nani huyo unamwambia atulie?"

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Nimeuliza, nani huyo?"

"Ni mbu, Ma."

"Mbu ana jina langu?"

Nilijua leo nakula kibao. Niyomugabo akajifanya anafagia. Lakini Ma Costansia akainama kwenye wavu wa mlango, akakunja uso, akasema, "Mbona amekonda hivyo? Somo wangu anakula nini?"

Ikabidi nimweleze. Rafu ziko mbili. Rafu ya walioshiba wanapata maji ya sukari kila siku. Rafu ya wanaofunga wanapata maji matupu, sukari mara mojamoja tu, maana Dada anasema huko nje mbu hakuti ua lenye utamu kila anapogeuka. Anataka kuona vimelea vinamfanya nini mbu mwenye njaa. Na somo wake Ma Costansia yuko rafu ya kufunga.

"Na mimi hapa nimeshiba viazi na maharage!" akasema, ameshika kiuno. "Haya. Ni Kwaresma. Afunge."

Kufika saa sita, nusu ya kina mama wa jumuiya yao ya sala walikuwa wamepita kuuliza kama na wao wana somo. Ningewakatalia vipi watu wazima? Nimewapa wote. Hata Bibi amepata wake, mdogo mweusi, mwenye heshima zake, rafu ileile ya kufunga. Dada Avelina alikuwa Kayanga kufuata spiriti. Hajui.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimeona kwa macho yangu.

Mbu wakifa, Dada anawapasua mmojammoja chini ya hadubini. Mpaka hapo hakuna anayejua nani alikuwa na vimelea na nani hana, kwa nje wote wanafanana. Wengi hawana. Unaweza kupasua rafu nzima ukapata wawili watatu tu, ndiyo maana kila mmoja wa hao kwa Dada ni dhahabu. Leo akaniita, "Leonidas, njoo utazame."

Nikaweka jicho. Tumbo la mbu ni kama puto la harusi lililoanza kuishiwa hewa, na ukutani kwake zimebandikwa duara ndogondogo kama punje za mtama.

"Hivyo ndivyo vimelea vinavyokua," akasema. "Alivinywa pamoja na damu ya mtu mgonjwa."

"Kwa hiyo naye alikuwa na homa?"

"Homa kama yako hapana. Lakini vinakula humohumo anamokula yeye. Chakula alichokitegemea kutengenezea mayai, vinamdokolea. Swali ni kama vinamfupishia na maisha. Waliochunguza kabla yetu hawajakubaliana. Wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema wapi."

"Na vikitoka tumboni?"

"Vinahamia kwenye mate. Inachukua kama wiki mbili. Hapo ndipo anapoweza kukuambukiza. Tena mate yakishajaa vimelea hanywi vizuri, basi anadokoa huyu, anahamia kwa yule."

"Kama mjomba Anatory harusini."

Alicheka mpaka akahamisha kioo. Halafu akawa serikali tena. "Sikiliza. Mbu akifa kabla ya hizo wiki mbili, malaria yake imekufa naye. Hajamdhuru mtu. Umeelewa kwa nini nataka kujua anaishi muda gani?"

"Kumbe tunataka wafe mapema!"

"Hatutaki chochote. Tunatazama tu."

Mimi nataka. Lakini sikumwambia.

Jumatano, 13 Machi

Niyomugabo amesema maneno saba leo. Yote yalikuwa "mlango".

Jumanne, 19 Machi

Mambo ni moto! Dada amepanga karatasi zake mezani na amefurahi mpaka ametuchemshia chai mwenyewe. Kwenye rafu ya walioshiba, mwenye vimelea na asiye navyo wanakwenda sawasawa. Kwenye rafu ya kufunga, wenye vimelea wanatangulia kufa. Wamewahi kuliko wenzao wenye njaa ileile. Bado ni wachache, anasema, tusipige vigelegele, tungoje mpaka mwisho wa Aprili.

Nilikwishapiga. Nimetangaza kisimani, nimetangaza mashineni kwa wasaga unga, nimemtangazia hata Padre aliyepita na pikipiki: malaria inamkong'ota mbu mwenyewe, na aliyeligundua hilo ni mimi pamoja na Dada Avelina, kwa mpangilio huo.

Ma Costansia wa kikombeni naye amefariki, na alikuwa navyo. Nilikwenda kumpa taarifa mwenye jina.

"Ameniaibisha," akasema. "Ana malaria na hakuniambia?" Halafu akanitaka nimpe jina lake mwingine mara moja, kwa sababu Pasaka iko karibu na mtu hawezi kuingia sikukuu hana somo.

Nimempa.

Jumapili, 24 Machi

Matawi. Nilikuwa na tawi refu kuliko la mwenyekiti wa kitongoji. Amenuna.

Alhamisi, 28 Machi

Leo tumekamua. Ndizi za pombe zilikuwa shimoni tangu wiki iliyopita, zimeiva hadi harufu inakufuata njiani. Uwanjani kwa Ma Costansia tukazimenya, tukazitia kwenye mtumbwi wa mti na nyasi zake, tukapanda mimi na Niyomugabo miguu mitupu kukanyaga. Kumbe huyu jamaa ana miguu! Anakanyaga kama anakimbizwa, kimya, jasho linatiririka. Mimi nilikuwa naimba kwa niaba ya wote wawili.

Omuramba ulipotoka, ile juisi tamu kabla haijawa pombe ya rubisi, ukafuata utaratibu wa siku zote: kila aliye uani anaonja. Mtoto, mpita njia, mgonjwa anapelekewa kitandani, hata mliyegombana naye anamiminiwa. Bibi anasema kukamua bila kuonjesha ni uchoyo wa kukausha migomba. Dada Avelina alikunywa vikombe viwili akalamba mdomo. Uliobaki ukachanganywa na mtama ukafunikwa, unangoja Pasaka.

Jumapili, 31 Machi

Amefufuka. Rubisi ilikuwa kali, wali ulikuwa na nyama. Siandiki zaidi, mistari ya daftari inacheza.

Jumatano, 3 Aprili

Kuna jambo.

Mbu wa rafu ya kufunga wamekataa kufa. Tuliowakamata wiki ya Matawi, ambao kwa hesabu ya Dada wangekuwa wamepukutika, wanaruka kikombeni kama vijana wa kipaimara. Leo wamekufa wawili tu, na wote wametoka rafu ya walioshiba!

Dada amevipitia vikombe kimoja kimoja. Hajachemsha chai.

Jumamosi, 6 Aprili

Ametuita wote wawili.

"Nani anawapa sukari rafu ya kufunga?"

Mvua inapiga bati.

"Siulizi kwa hasira. Nauliza kwa sababu kama kuna mtu anawalisha, kila nilichoandika tangu Pasaka ni takataka. Nikienda na takataka, hakuna Bweranyange. Si yangu, si yenu."

"Mimi siwezi, Dada," nikasema. "Mimi nataka wafe. Nimeshatangaza mpaka kwa Padre."

Niyomugabo akasema, "Si mimi." Maneno mawili, basi, kama ameyalipia.

Ufunguo tunao sisi wawili na Dada. Mimi si mimi. Dada si Dada. Basi hesabu haihitaji kidato cha nne. Nje nikamshika shati.

"Unanichomea kazi ili uchukuliwe wewe!"

Akanitazama bila kupepesa. "Leonidas, mimi ndiye niliyewapa maji asubuhi zote ulizokuwa unachelewa kuamka. Ningetaka kukuchomea, ningemwambia Dada hilo."

Nikamwachia shati.

Jumanne, 9 Aprili

Vinzi. Vile vidogo vya kwenye ndizi mbivu, vinazunguka juu ya pamba za rafu ya kufunga. Sukari haiviiti hivyo. Nikanusa pamba ya kikombe cha mwisho, nikarudia kunusa. Nikamwita Niyomugabo naye akanusa. Tukatazamana.

"Omuramba," akasema.

"Omuramba," nikasema.

Ni mara ya kwanza tumekubaliana.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika huku bado najikuna.

Kila Alhamisi mchana tunakwenda kisimani kufua neti, chumba cha mbu kinabaki bila mtu. Leo tuliondoka na beseni kama kawaida, Dada yuko Kayanga, tukazunguka nyuma ya migomba tukarudi, tukalala kifudifudi kwenye majani makavu pembeni ya ua. Mvua ya rasharasha. Siafu walinipata. Niyomugabo akaninong'oneza, "Ukipiga kelele nakuua." Mtu mwenye maneno haya alikuwa anayaficha wapi siku zote?

Jumuiya ilikuwa inasali kwa Bibi. Wimbo wa mwisho ukaisha, mlango ukafunguliwa, wakatoka kina mama kwa mstari kama wanakwenda kutoa sadaka. Mbele Bibi Mukantabana, mkononi ufunguo. Ufunguo wa nne! Nyumba ni yake, kwa nini asiwe nao? Hakuna aliyewaza kumuuliza. Nyuma yake Ma Costansia na kibuyu, halafu Ma Placidia, halafu wengine.

Bibi akafungua, wakaingia wakafunga wavu nyuma yao vizuri kabisa, kama sisi tulivyowafundisha. Tukasogea dirishani. Ma Costansia akachovya unyoya wa kuku kwenye kibuyu, akadondoshea pamba tone, tone.

"Pokea, somo. Kwaresma imeisha siku nyingi. Hawa vijana hawana kalenda."

"Wangu ni yupi?" Ma Placidia akauliza.

"Mpe huyo. Na huyo. Mpe yeyote anayeonekana ana njaa, tutakosaje?"

Bibi alikuwa amesimama mbele ya yule mdogo mweusi. Akamdondoshea, akamwambia kwa sauti ya kumbembelezea mtoto mchanga, "Hakuna anayelala na njaa uani kwangu. Hata wewe."

Nikaingia. "Bibi!"

Walishtuka, lakini si sana. Ma Costansia alificha unyoya mgongoni, kibuyu akakisahau mkononi.

"Shikamooni. Mnafanya nini?"

"Marahaba," wakaitika wote pamoja.

"Tunawaonjesha," Bibi akasema. "Kila wiki kuna anayekamua. Wapite watu wote, waonje watu wote, halafu hawa tuwaruke? Tena wenye majina yetu?"

"Bibi, hawa wanatakiwa kufunga! Mmeharibu kazi yote!"

"Nani alituambia ni somo zetu?" akauliza Ma Costansia. "Tuliota?"

Nikageuka nimtazame Niyomugabo anisaidie. Alikuwa anatazama dari. Masikio yake yalikuwa yanacheka.

Mchana wote nimekaa nikiwaza. Njia zilikuwa nyingi. Ningeweza kusema ni nyuki wameingia. Ningeweza kukaa kimya, Dada abaki anamshuku Niyomugabo, na Bweranyange iwe yangu. Niliipenda hiyo njia kwa muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Pikipiki ya Dada ilipoingia uani nilimfuata kabla hajavua kofia, nikamwambia yote, na majina, na kwamba majina niliyatoa mimi. Nilizungumza haraka, kama mtu anayekunywa dawa ya mseto na hataki kuonja uchungu.

Akakaa kwenye kigoda. Kofia bado kichwani.

"Walilisha vikombe vipi?"

"Yeyote aliyeonekana ana njaa."

"Namba zake?"

"Hawajui namba, Dada. Wanajua majina."

Alifunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Nilidhani analia, nikaanza kutafuta leso. Alipoutoa uso ulikuwa na machozi kweli, lakini ya kicheko. Kikaisha ghafla. Akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Ufunguo."

Nikampa.

Jumamosi, 13 Aprili

Dada amewaita kina mama uani. Nilidhani atawafokea. Aliweka hadubini mezani, akawachungulisha mmojammoja tumbo lenye zile punje. Akawaeleza zile wiki mbili, na kwamba anayelishwa vizuri pengine anafika huko salama na mzigo wake, na mwenye njaa pengine anafia njiani.

Ma Costansia aliinua kichwa polepole. "Kwa hiyo unyoya wangu ulikuwa unamsindikiza?"

"Sijui bado, Ma. Ndicho nilichokuwa natafuta."

Bibi ndiye aliyekaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko wote. Alipoinuka akajifunga kanga upya.

"Mimi nimezika wawili kwa homa hiyo," akasema. "Wanangu, kaka zake mama yake Leonidas. Kumbe inapandia tumboni humu." Akatazama kile kikombe cha somo wake. "Huyu afunge. Afunge hadi akhera."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Kisha Ma Placidia akauliza tufanye nini sasa. Dada akasema kila kitu tangu Pasaka kinatupwa, tunaanza upya, na mbu wanahitajika wengi sana kabla mvua hazijakatika. Nyumba nyingi hawatufungulii alfajiri, maana nani anataka mwanamume na tochi chumbani kwake saa hizo?

"Watafungua," akasema Ma Costansia. Na mtu aliyesikia alivyolisema hilo asingeuliza tena.

Jumatatu, 15 Aprili

Wamefungua! Tumerudi na mbu mpaka vikombe vikaisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Rafu sasa ni tatu. Ya sukari, ya kufunga, na ya omuramba. Dada ameandika "juisi ya ndizi ya kienyeji" kwenye karatasi zake, na Bibi ndiye anayeipima, kwa kijiko, Niyomugabo akisimama pembeni kama polisi. Kitasa cha mlango kimebadilishwa. Bibi amenyimwa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe na amekubali, kitu ambacho serikali tatu zingekishindwa.

Mimi kazi yangu ni kubisha hodi tu.

Jumatano, 1 Mei

Mei Mosi. Wafanyakazi wote wa dunia wamepumzika isipokuwa mimi.

Jumanne, 7 Mei

Niyomugabo ana utani. Niliutambua leo tu, kumbe anausema taratibu mno, ukifika nimeshahamia jambo lingine. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Dada kuhusu kuchelewa kwangu. Akasema, "Ukifukuzwa, nani ataongea? Mimi?"

Senene wameanza kuonekana kwenye taa za dukani. Tumekula.

Ijumaa, 17 Mei

Wa mwisho wamepasuliwa. Dada alikaa na karatasi kutwa, tulimzunguka kama kuku wanaosubiri mtama.

"Haya," akasema. "Kwenye kufunga, wenye vimelea wametangulia tena. Kwenye sukari na kwenye omuramba, tofauti siioni." Akanyoosha kidole kabla sijafungua mdomo. "Ni msimu mmoja, kijiji kimoja. Haijathibitika. Leonidas, usiende kisimani."

Sikwenda kisimani. Nilikwenda mashineni.

Ijumaa, 24 Mei

Amechagua. Niyomugabo.

Aliniita peke yangu, akasema vizuri, sina neno. Kwamba nina jicho la mbu kuliko yeyote aliyewahi kufanya naye kazi. Kwamba nilimwambia ukweli mapema na hatalisahau. "Lakini kwenye rafu, mtu mmoja akijisikia kuchekesha, msimu mzima unakwenda. Nahitaji mtu wa kimya."

Nilisema sawa, Dada. Nikaenda kukagua baiskeli. Tairi la nyuma limepasuka. Bibi alinipa ndizi ya kuchoma.

Mlima wa Kayanga nauona kutoka hapa. Hauna haya kabisa, umesimama tu.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeziba tairi.

Jumatatu, 27 Mei

Dada alitaka mkusanyo mmoja wa mwisho hapa Kanoni, Niyomugabo aende peke yake, azoee. Alirudi jua limeshachomoza, vikombe karibu vyote vitupu. Nilikuwa nafunga mikungu kwenye baiskeli, sikujifanya sioni.

"Hawakufungua?" Dada akauliza.

"Walifungua dirisha. Wakaniuliza yuko wapi."

Kabla hajamaliza, Ma Costansia huyo hapo, kanga begani, amekuja kwa mguu wa haraka.

"Daktari, wewe umesoma, lakini hili umekosea. Alfajiri mimi nifungulie mtu asiyesema neno, anamulika tu ukutani? Nitajuaje kama amekuja kukamata mbu au kukamata kuku? Yule mropokaji ukimsikia njia panda unajua ni yeye, unapata na muda wa kuvaa."

Dada akamtazama Niyomugabo. "Unasemaje?"

Na Niyomugabo, ambaye Bweranyange ilikuwa imeshakuwa yake, akasema hotuba ndefu kuliko zote nilizomsikia: "Dada, mimi rafu naziweza. Milango siiwezi. Nikienda peke yangu utapata rafu safi na hazina kitu. Mchukue na yeye. Ufunguo nitakaa nao mimi, nalala nao."

Mkungu mmoja ulikuwa umening'inia upande, sijaukaza kamba. Nilisimama nao hivyohivyo.

"Leonidas," Dada akasema, "huko Bweranyange utabisha hodi, utakamata, utamkabidhi Niyomugabo mlangoni. Chumba cha mbu hutaingia bila yeye. Na majina?"

"Namba tu, Dada."

"Rudia."

"Namba tu."

Mikungu niliishusha. Mjomba Anatory atakuja kuichukua, mlima ni wake.

Jumatatu, 3 Juni

Bweranyange. Ndizi zilezile, ukungu mwingi zaidi. Leo ilikuwa alfajiri ya kwanza. Dada alitaka kuona tunavyoanza, akaja nyuma yetu na koti la mvua. Nyumba ya kwanza, mlango wa mbao umefungwa. Nilikohoa tangu kwenye kahawa zake ili ajue ninakuja, nikapiga hodi, nikaamkia kwa sauti, nikajitambulisha jina na kijiji na ukoo na shughuli.

Mara sauti ya mama mtu mzima ndani: "Nyie ndio wale wa Kanoni?"

"Ndio sisi, Ma. Shikamoo."

"Marahaba. Ngojeni nivae."

Nilimgeukia Dada nikamwonyesha meno yote. Si nilisema? Nyumba ya kwanza kabisa! Komeo likalia, mlango ukafunguka. Mama mnene mwenye kitambaa kichwani, anatabasamu, mkono mmoja ameshika taa. Mkono wa pili ameshika kikombe cha omuramba, na ndani yake umesimama unyoya wa kuku.

"Karibuni, wanangu," akasema. "Mimi naitwa Nyirabageni. Mnipe na mimi somo mmoja, mwenye afya."

Nyuma yangu nilisikia Dada Avelina akivuta pumzi ndefu. Niyomugabo alitia mkono mfukoni, akausukuma ufunguo chini kabisa, akafunga na kifungo.